Mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia Kigoma: mgonjwa atapelekwa wapi?

Kutoka: Dada wa Mwanga, Leicester

Wana Kigoma, salaam.

Naona mchango wa kuendesha mafunzo haya nyumbani unakwenda vizuri, na tayari wapo wanaotaka tuchapishe fulana na vyeti. Naomba tusimame kidogo hapo. Wengi wetu tumeingia kwenye jambo hili kwa sababu ya simu za usiku. Mdogo wako hajalala siku ya tatu, anaongea peke yake, kamfungia mama nje. Shangazi anasema karogwa, mjomba anasema ni bangi, na wewe uko zamu, unaulizwa, "Sasa tufanyeje?" Ukituma hela inaishia kwa mganga, ya pili inakuwa nauli ya kwenda kwa mganga mwingine.

Huku kazini nilipelekwa kozi ya siku mbili ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, ile iliyoanzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na mumewe Anthony Jorm. Kozi nzuri, ila ina leseni. Mkufunzi lazima athibitishwe, na kitabu chake hakinakiliwi hovyo. Tena mifano yake ni ya watu wenye daktari wao na namba ya kupiga saa yoyote. Kwa Kigoma napendekeza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Unapatikana bure, na mtu asiye mtaalamu wa afya anaufuata bila shida. Umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha.

Kutazama ni kuangalia kama mahali pana usalama, na nani kazidiwa zaidi. Kusikiliza kunatushinda wengi. Tunamhoji mtu "ilikuwaje, halafu ikawaje" mpaka analia upya, au tunamwambia avumilie, wenzake wana makubwa kuliko yake. Mwongozo unakataza kumlazimisha mtu asimulie. Unakaa naye, unamuuliza anahitaji nini sasa hivi, basi.

Hayo mawili yanafundishika Jumamosi moja chini ya mwembe. La tatu, kumuunganisha mtu na msaada, halifundishiki kama msaada wenyewe haupo. Kwa hiyo kabla ya fulana naomba jibu: mtu akizidiwa saa nne usiku Ujiji, Kibirizi au Katonga, anapokelewa na nani?

*

Kutoka: Mzee wa Kasulu, Dayton

Dada, nakuunga mkono, na naongeza. Zimbabwe walianza mwaka 2006 na bibi kumi na wanne, kule Mbare, Harare. Daktari wao wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi na kumsaidia kutatua tatizo mojamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Watu husimulia habari ya bibi wanasahau kwamba benchi lenyewe lilikuwa kwenye eneo la kliniki. Bibi akiona mtu kamzidi uwezo, muuguzi yuko hatua chache tu.

Kuhusu wa kuwafundisha, tusichukue vijana wenye vyeti wanaosubiri ajira. Wakipata kazi Dodoma wameondoka na mafunzo yetu. Tuchukue wanaoambiwa mambo hata sasa: mwenye saluni, mwalimu wa madrasa, katekista, mama lishe wa stendi, viongozi wa wavuvi mwaloni. Kwa wavuvi tuangalie kalenda. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kipindi kama hicho watu wako nchi kavu, mfuko mtupu, na nyumbani hapakaliki. Nafasi ya kufundisha ipo, na haja yenyewe ipo.

*

Kutoka: Muuguzi, Kigoma mjini

Shikamooni wakubwa. Nasoma nikiwa hapa hapa, niseme yanayoonekana kwetu.

Yule wa simu ya usiku hatulizwi kwa kusikilizwa. Asiyelala siku tatu na anayesikia sauti anahitaji dawa, na anazihitaji mapema. Anayefundishwa ajue kutofautisha: huyu ana msiba, huyu ana sonona, huyu kachanganyikiwa apelekwe leo. Kwa mjini ngazi ya rufaa ni Maweni, hospitali ya mkoa. Familia nyingi zinafikiria moja kwa moja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kwa kuwa Dodoma ni mbali na nauli hakuna, mgonjwa anafungwa kamba nyumbani. Mirembe iwe hatua ya mwisho. Wenye kifafa nao tunawatibu sisi, lakini wanachelewa kuletwa kwa sababu watu wanaogopa hata kuwagusa wakianguka.

Jambo la pili ni la kisheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana tunaletewa mtu "aliyekunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya." Wafundishwe kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Mkitaka kuanza, piteni kwa Mganga Mkuu wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii, vinginevyo mtendaji wa mtaa atawauliza kibali siku ya kwanza. Na hela ya vyeti iwekeni kwenye nauli ya bodaboda ya kumfikisha mgonjwa, vocha, na kikao cha kila mwezi ambapo waliofundishwa wanakaa na mtaalamu kueleza waliyokutana nayo. Bila kikao hicho, mama lishe atabeba siri za watu mpaka naye augue.

*

Kutoka: Kijana wa Ujiji, Minneapolis

Samahani natoka nje ya mada. Akizidiwa mwenzetu huku huku tunafanyaje? Naulizia mtu ninayeishi naye.

*

Kutoka: Dada wa Mwanga, Leicester

Hujatoka nje ya mada, mdogo wangu. Marekani piga 988, usiku na mchana, ilianza mwaka 2022. Si lazima apige mwenyewe, wewe pia unaweza kupiga kwa ajili yake. Ukipokelewa taja Kiswahili, waombe mkalimani. Kama ameshika kitu cha kujidhuru au tayari amekunywa kitu, hapo ni 911. Usimwache peke yake, na vidonge vilivyomo ndani viondoe leo. Walioko Uingereza ni 111, halafu chagua 2. Nimekuandikia pembeni, nijibu hata kama ni usiku kwako.