Kaka anafunga akaunti, vitabu vyangu itakuwaje?

Mwalimu_Kondele: Wadau, naomba ushauri. Kaka yangu yuko Dallas. Miaka yote tumekuwa na mpango wetu: mimi nawalipa vibarua wa shamba lake la mpunga kule Ahero, yeye ananinunulia vitabu kwa akaunti yake, navisoma kwenye tableti huku Kisumu. Sasa amekosana na kampuni inayoviuza, anataka kufunga akaunti. Nimejaribu kunakili mafaili kwenye flashi. Yananakilika vizuri tu, lakini ukiyafungua kwenye laptopu yanadai akaunti iliyonunua. Naweza kuvihamishia kwangu? Binti yangu wa kidato cha tatu anavitumia pia.

Fundi_wa_Simu: Haiwezekani, mwalimu. Hiyo ni DRM, kufuli ya kidijitali. Faili unalo, ufunguo uko kwa akaunti. Akaunti ikienda, unabaki na faili bubu.

Msomaji_Nakuru: Hata bila kufunga wanaweza kukunyang'anya. Mwaka wa 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu, ikafuta 1984, riwaya ya George Orwell kuhusu serikali inayowachunguza watu na kufuta maandishi, eti aliyekiuza hakuwa na haki nacho. Kati ya vitabu vyote, hicho! Na 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vyote vikapotea. Angalau hao walirudishiwa pesa. Kaka yako akifunga mwenyewe, sioni nani atamrudishia.

Wakili_Milimani: Mlipobofya "nakubali" hamkuuziwa kitabu, mlipewa leseni ya kusoma. Tena leseni ni ya kaka, si yako, hata kama vibarua umewalipa wewe. California tangu Januari 2025 inawataka wauzaji waseme hivyo waziwazi kabla hujalipa. Kuhusu programu za kuvunja hiyo kufuli, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza. Usidanganywe inbox.

Mama_Wawili: Kwani lazima afunge? Atoe kadi yake ya benki, aache kununua, basi. Kuanzia sasa tafuta vitabu visivyo na DRM. Tor, wale wachapishaji wa hadithi za kisayansi, waliiondoa 2012. Vya zamani viko bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Setibuki za binti nunua za karatasi, mdogo wake atazirithi.

Mwalimu_Kondele: Nimempigia. Kadi anatoa leo, akaunti anaiacha mpaka binti amalize shule. Ila ameuliza mpunga unavunwa lini.

Fundi_wa_Simu: Sawa. Na hiyo tableti ikileta shida, usimruhusu fundi yeyote aifute aianzishe upya kabla hujawa na nenosiri la kaka.