Kuanza kuandika programu za kompyuta baada ya kustaafu: nataka programu ya kugawa mirathi

Karani Mstaafu, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimestaafu kazi ya ukarani wa hesabu, na tangu ujanani nimekuwa nikisoma faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, kwa masheikh wa hapa Wete, kwa hiyo jirani anapofiwa mara nyingi huitwa nisaidie kupiga mafungu ya warithi. Nimeona familia nyingi zikichelewa kugawana mpaka shamba la mikarafuu linawafikia wajukuu likiwa bado kwa jina la babu yao, na sababu mojawapo ni kwamba hesabu yenyewe inawatisha. Nataka kuandika programu ambayo mtu ataitajia warithi waliopo, nayo imwoneshe fungu la kila mmoja pamoja na sababu yake kwa Kiswahili.

Kompyuta naijua kwa kuandika barua na kujaza majedwali tu. Vijana wa nyumbani wananiambia, kwa heshima, kwamba kazi hii inataka akili changa. Naomba kujua kama umri wangu ni kizuizi kweli, kama Kiingereza changu cha kusomea barua za ofisini kitatosha, na nianze na lugha ipi ya programu.

Mtayarishaji wa Programu, Unguja Mjini

Shikamoo mzee wangu. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na kwa maoni yangu vijana wa nyumbani wameliangalia jambo upande mmoja tu. Kijana hushika amri za lugha haraka, lakini mara nyingi hana tatizo la kweli la kutatua, kwa hiyo hufuata mafunzo ya mtandaoni moja baada ya jingine bila ya kutengeneza kitu. Wewe tatizo unalo, unajua hatua zake, na jibu likikosea utalitambua hapo hapo. Masako Wakamiya wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufanya kazi benki mpaka akastaafu, alitoa mchezo wake wa simu mwaka 2017 akiwa na miaka 81. Mchezo huo ni wa kupanga wanasesere wa sikukuu ya wasichana ya kwao kwa utaratibu unaotakiwa, utaratibu ambao yeye aliujua tangu utotoni na watengenezaji wengi wa michezo hawakuwa na haja nao.

Anza na Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Ni ya bure, na ukishaipakua mara moja unaweza kujifunza bila ya bando. Maneno yake yaliyotengwa, yaani yale ambayo lugha yenyewe imeyashika kwa kazi zake, ni 35 hivi, na ni machache kati yake utakayoyahitaji mwanzoni. Majina mengine yote unayachagua mwenyewe, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuandika mke, binti, deni na mali. Kiingereza kitakusumbua zaidi katika ujumbe wa makosa, ambao kwa kawaida hutaja mstari wenye kosa na aina yake. Usome polepole kila unapotokea, wala usiufunge kwa hofu, kwa sababu huo ndio mwalimu utakayekuwa naye usiku wakati wengine wamelala. Kompyuta iliyotumika yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha. Simu pia huweza kuendesha Python, ila kuandika mistari mingi kwenye kioo kidogo kunachosha macho, nami sikushauri.

Maalim wa Hisabati, Chake Chake

Wa alaykumu salaam kaka yangu. Nasomesha skuli ya sekondari, na kuandika programu nilijifunza wakati watoto wangu wameshaolewa, kwa hiyo suala la umri sina zaidi la kusema. Ninalotaka kukutajia ni kwamba unarudi katika njia ya zamani sana. Al-Khwarizmi, alipoandika Baghdad kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa masala ya wasia na mirathi, kwa sababu hapo ndipo watu walipohitaji hesabu yenye hatua zisizobadilika.

Sasa tahadhari moja ambayo itakuokolea muda. Usiyaandike mafungu kwa desimali. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili, na humo sehemu kama moja ya kumi haikai kamili. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Katika bei ya samaki jambo hilo halina madhara, lakini katika mirathi jumla lazima iwe moja kamili, na programu inayolinganisha jumla na moja inaweza kukataa hesabu iliyo sahihi. Python ina zana yake ya sehemu, inayohifadhi kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) kama namba nzima, basi itumie hiyo tangu siku ya kwanza. Kwa mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, itakupa mke 1/8, mwanamume 7/16 na kila binti 7/32, bila ya kupotea hata chembe.

Kisha ijaribu kwa masala ya mimbari, ambayo bila ya shaka unayajua: mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumni (1/8), theluthi mbili na sudusi mbili (1/6 mara mbili) hufika 27 juu ya 24, kwa hiyo asili hupandishwa ikawa 27, na huko kupandisha ndiko kunakoitwa aul, na mke anabaki na 3/27, yaani moja ya tisa. Mtu asiyejua aul ataona jumla imezidi moja na kudhani kuna kosa katika kompyuta. Wewe utajua kwamba palipokosekana hatua ni katika maandishi ya programu.

Mwanafunzi wa Fiqhi, Mkoani

Wazee wangu, naomba niongeze neno, kwa sababu nimeona watu wakichukua jibu la simu na kulifanya hukumu. Kabla ya fungu lolote hutoka gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki, na programu isiyouliza mambo hayo kwanza itatoa hesabu sahihi ya mali isiyo sahihi. Vilevile itaje madhehebu. Babu anapokutana na ndugu wa marehemu, kwa Shafii hugawana nao, ilhali kwa Abu Hanifa huwazuia kabisa, na mtumiaji ana haki ya kujua amejibiwa kwa kauli ipi. Palipo na mgogoro, njia ni Mahakama ya Kadhi.

Karani Mstaafu, Wete

Nawashukuru sana. Maneno ya kijana wetu wa Mkoani nimeyakubali yote, na masuali ya madeni na wasia yatakuwa ya kwanza kabisa. Maalim, nakuomba uniandalie masala kadhaa uliyoyahakiki, tangu mepesi mpaka yenye aul na raddi, yaani kuwarudishia warithi kinachobaki. Suali langu lililobaki ni hili: je, niandike kanuni zote kwanza ndipo niijaribu?

Mtayarishaji wa Programu, Unguja Mjini

Hapana, mzee wangu. Andika mume, mke, mabinti na watoto wa kiume peke yao, uijaribu mpaka jumla iwe moja kila anapokuwapo mtoto wa kiume, ndipo uwaingize baba na mama. Kila unapoongeza mrithi, rudia majaribio yote ya zamani, kwa sababu kanuni mpya ya kuzuiliana, yaani mrithi mmoja kumzuia mwengine, huweza kuharibu jibu lililokuwa sahihi jana. Masala ya babu na ndugu yaache mwisho kabisa, na mpaka utakapoyafikia, programu iseme wazi kwamba haiyajibu na imwelekeze mtu kwa sheikh. Ukikwama, bandika hapa mistari yako pamoja na ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, tuutazame pamoja.