Naomba ushauri: The Simpsons niishie msimu wa ngapi?

Mtazamaji_Mvumilivu
Wakuu, salaam. Nimemaliza msimu wa 8 wa The Simpsons, na kila mtu anasema kuanzia hapo katuni imechuja. Misimu yenyewe imeshapita 35. Niishie wapi? Na kuna kipimo cha kujua imechuja kweli, au ni macho yangu tu yameizoea? Mkigusia Family Guy na South Park pia nitashukuru.

Kalamu_Pembeni
Mkuu, usihesabu misimu. Angalia nani ameshika kiti cha mwandishi mkuu. Msimu wa 3 na wa 4 walikuwa Al Jean na Mike Reiss, wa 5 na wa 6 David Mirkin, wa 7 na wa 8 Bill Oakley na Josh Weinstein, wa 9 hadi wa 12 Mike Scully. Kuanzia wa 13 (2001) Al Jean akarudi, safari hii peke yake, akakaa karibu miaka 20. Mwanzoni kiti kilikuwa kikipata mtu mpya kila baada ya misimu miwili, naye anakuja na utani wake. Kikikaliwa na mmoja muda wote huo, hata awe fundi kiasi gani, utani unaanza kujirudia.

Kipimo ulichoomba kipo, na wamekitangaza Trey Parker na Matt Stone wa South Park wenyewe: kati ya tukio na tukio lazima uweze kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Ukijikuta unaweka "halafu", hadithi imelegea. Kijaribu kwenye ile sehemu ya The Simpsons ya treni ya reli moja, msimu wa 4 (1993), aliyoiandika Conan O'Brien. Burns, tajiri mwenye kinu cha nyuklia, anakamatwa akificha taka za nyuklia, kwa hiyo anatozwa dola milioni 3, kwa hiyo mji una pesa, kwa hiyo watu wanabishana wazitumie vipi. Marge, mama wa familia ya Simpson, anataka barabara itengenezwe, lakini anaingia tapeli na wimbo wake, mkutano mzima unaimba naye. Hakuna "halafu" hata moja. Sasa chukua sehemu yoyote ya msimu wa 17 au 18, kaa na karatasi, uhesabu.

Bi_Rangi
Naongezea upande wa wahusika, maana ndiko inakoonekana mapema zaidi. Mtazame Ned Flanders. Misimu ya mwanzo, kinachomuudhi Homer, baba wa familia ya Simpson, si dini ya Ned. Ni kwamba jirani ana nyumba nzuri zaidi, watoto watiifu, na bado ni mwema. Huo ni wivu wa kawaida, kila mtu anaujua. Miaka ilivyokwenda wakabakiza dini tu, kila akifungua mdomo ni Biblia. Mtu mwenye pande nne akabaki na upande mmoja. Homer naye: mzembe anayewapenda wanawe akageuka mkorofi asiyejali yeyote. Swali la kujiuliza: je, mhusika huyu anaweza bado kunishangaza? Ukijua jibu lake kabla hajasema, amekwisha.

Tatizo jingine ni umri. Mwaka 1991 tulionyeshwa Homer na Marge wakikutana shuleni mwaka 1974. Mwaka 2008 ikatoka sehemu inayosema miaka ya 90 walikuwa bado vijana, Homer ana bendi. Watoto hawakui, kwa hiyo kila kumbukumbu ya wazazi inabidi isogezwe mbele, na hadithi za zamani zinakosa pa kusimama.

Mzee_wa_Kodi
@Kalamu_Pembeni uko sawa, ila ongeza namba za uzalishaji. Watu hulaumu msimu wa 9 kwa ile sehemu ya Septemba 1997 inayosema Mwalimu Mkuu Skinner ni mtu bandia. Ilionyeshwa msimu wa 9, ila ina namba ya 4F23, na 4F ni alama ya zile zilizotengenezwa pamoja na msimu wa 8, yaani ni kiporo cha Oakley na Weinstein. Ile ya Homer kufuata gari lake New York ni 4F22, kiporo hichohicho, na ni tamu kweli. Mstari wa msimu wa 8 na wa 9 si ukuta.

Kijiti
South Park: sehemu moja hutengenezwa kwa takriban siku 6. Ni silaha nzuri kwa hadithi fupi, sumu kwa hadithi ndefu. Msimu wa 20 (2016) ulijengwa kama hadithi moja, Trump akashinda uchaguzi, sehemu ya Novemba 9 ikabadilishwa harakaharaka, na zilizofuata zikabaki zinatafuta pa kutokea. Tazama zinazojitegemea.

Family Guy (ilisitishwa 2002, ikarudi 2005) ipime hivi: ondoa vile vichekesho vinavyokatiza hadithi, vya "kama siku ile nilipo...", kisha tazama kilichobaki. Kama ni mazungumzo ya sebuleni tu, ruka.

Mtazamaji_Mvumilivu
Asanteni sana. Kwa hiyo baada ya wa 9 niruke hadi wapi?

Kalamu_Pembeni
Maliza wa 9 na wa 10 kwa kuchagua, kisha ruka hadi wa 33 (2021), Matt Selman alipopewa kuongoza sehemu nyingi kuliko Jean. Anza na ile ya Homer na Marge kupotea porini kwenye theluji bila nguo. Sauti ya Marge itakushtua. Julie Kavner, anayeigiza sauti hiyo, amezaliwa 1950, usiihesabu kama kosa la waandishi.

Bi_Rangi
Na kama unatazama Disney+, kabla hujalinganisha ya zamani na mpya, fungua maelezo ya katuni na urudishe picha kwenye umbo la 4:3, lile la TV za zamani. Katuni ilianza kutengenezwa kwa skrini pana mwaka 2009. Za kabla ya hapo, ukizitazama kwa skrini pana, zimekatwa juu na chini. Kwenye sehemu ya Homer kuacha pombe, kiwanda cha bia ya Duff kina matangi matatu yenye majina matatu tofauti, na juu yake bomba moja linayajaza yote. Kwenye picha iliyokatwa bomba halionekani, unabaki unatazama matangi.