WRX inakosa nguvu mlima Nyang'oro tangu nifungiwe valvu ya pshhh, msaada wakuu

Boksa_Dom
Wakuu habari za jioni. Nina Impreza WRX ya 2003, manyuo, injini EJ205, mwaka wa nne huu naitembelea hapa Dodoma haijawahi kunisumbua. Mwezi uliopita fundi akanifungia ile valvu inayotema hewa nje, inapiga pshhh ukibadili gia, ya zamani akaitoa. Tangu siku hiyo nikikaribia kusimama nikikanyaga klachi sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inashuka mpaka gari inazima, na juzi naenda Iringa, nimetoka Mtera vizuri, kuanza kupanda Nyang'oro nguvu hakuna, nyuma moshi mweusi tii. Mashine imesoma P0171, yani hewa nyingi mafuta kidogo. Sasa mafuta kidogo na moshi mweusi vinakaaje gari moja? Fundi anasema tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa niagize nyingine Dar. Gari hii naipenda sana jamani, sitaki kubahatisha.

Kizota_moja
Pole mkuu. Tabo hiyo imechoka, badili tu. Alafu Dodoma tuko juu, kama mita 1,100 hivi, hewa nyepesi, gari lazima ilegee.

DadaWaSubaru
Kaka usinunue tabo kwanza. Dodoma ilikuwa juu hivyohivyo miaka yote minne na gari ilikuwa inavuta, kwahiyo hilo liache. Tabo ikifa mara nyingi utaona moshi wa bluu, oili inapungua, au inalia mluzi usio wa kawaida, na wewe hujataja hata kimoja.

Iko hivi. Gari yako ina sensa ya hewa pale baada ya ea klina, hewa ikipita hapo kompyuta inaihesabu na kupanga mafuta yake. Valvu ya zamani ilikuwa inarudisha hewa kwenye mpira wa kuingilia tabo, kwahiyo hesabu haipotei. Hii mpya inaitupa nje hewa ambayo imeshahesabiwa, mafuta yanakuja ya hewa ambayo haipo, ndo maana inazima. Na kama imefungwa bila gasketi inavuja muda wote tabo ikisukuma, hapo ndo moshi wako wa mlimani.

Sasa P0171. Ule mpira wa kurudishia hewa aliuziba? Kama kauacha wazi injini inavuta hewa ambayo sensa haijaiona. Na hapa kwetu ndo roho inaniuma, maana hewa hiyo haijapita ea klina, ni vumbi la Dodoma linaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo! Usiwashe tena mpaka uangalie.

Kupima ni rahisi, chukua mfuniko wa bomba la plastiki la maji unaoenea mdomo wa mpira wa kuingilia tabo, toboa funga valvu ya tairi, jaza upepo taratibu usizidi psi 15, mwagia maji ya sabuni kwenye maungio yote, panapotoa povu ndo ugonjwa ulipo.

Fundi_Chamwino
Dada kamaliza. Naongeza tu, chomoa plagi uziangalie, zikiwa na masizi meusi zisafishe au badili. Alafu shika shafti ya tabo kwa vidole, kuchezacheza kidogo pembeni kawaida, ila ikienda mbele na nyuma au mapanga yanagusa nyumba yake hapo tabo kweli.

Boksa_Dom
Nimerudi wakuu. Mpira ulikuwa wazi kabisa, kwa ndani una vumbi jekundu. Na valvu imepakwa silikoni, gasketi hakuna, povu lilitoka pale kama sabuni ya kufulia. Nimerudisha valvu ya zamani na gasketi mpya, ile kodi ya P0171 nimeifuta kwa mashine, nimezunguka mpaka Ihumwa na kurudi sailensa imetulia na moshi hakuna. Shafti iko sawa ila ncha za mapanga mawili zimeanza kulika. Fundi wa Chamwino, nikuletee Jumamosi uzione?

Fundi_Chamwino
Lete asubuhi mapema injini ikiwa ya baridi.