Kelele za ndege ya mfano: naomba ushauri

Wandugu, jambo. Hapa Lubumbashi tunataka kushindana sarakasi za ndege za mfano kwa mtindo wa miaka ya 1970, ila shefu wa kartie analalamikia kelele, na kusema kweli ana haki. Injini yangu ni ya cc 10, propela inchi 11 kwa 8 (kipenyo 11, na 8 ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), mizunguko kama 14,000 kwa dakika: ncha za propela zinapita mita 200 kwa sekunde! Nimeikalisha injini juu ya mpira na kubadilisha sailensa. Kelele zilipungua kidogo tu.

Nikifunga propela ya 11 kwa 10 ili izunguke polepole, ndege bado itapanda wima? Na tufuate kikomo cha F3A (daraja la kimataifa la sarakasi za ndege za mfano za redio), desibeli 94 kwa mita 3, au kitazifungia nje injini za zamani?