Gari mdomoni mwa uchochoro: kikao cha maegesho Mji Mkongwe wa Zanzibar, niseme nini?

Binti Sokomuhogo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ametuita wiki ijayo kwenye kikao cha maegesho, na sitaki kwenda mikono mitupu. Naomba mawazo ya watu walioishi na jambo hili.

Naishi upande wa Sokomuhogo, nyumba ya ghorofa mbili niliyoachiwa na bibi. Gari ninayo, nalisema mapema ili nisionekane nawaonea kijicho wenye gari. Yangu hulala Vuga, nyumbani naenda kwa miguu. Lakini mdomoni mwa uchochoro wetu hulala gari mbili tatu za watu tusiowajua, na jioni za Ramadhani, watu wakishukia bustani ya Forodhani, huzidi.

Mwezi wa Shaabani mama alibanwa na pumzi saa nane usiku. Jirani alileta gari yake ikashindwa kuingia: pale mdomoni pana Alphard, ile gari kubwa ya abiria, imebana ukuta, kioo chake kinagusa barza, kibaraza cha mbele ya nyumba. Tukagonga milango, mwenyewe hajulikani. Vijana wanne wakamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wakampitisha juu ya barza ya jirani, mmoja akimshika miguu isigonge ukuta, mpaka barabarani. Hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali, tukawahi, na Alhamdulillah yu mzima. Lakini tangu usiku ule nikisikia mlango wa gari unafungwa, nashuka ngazi kwenda kuangalia.

Sasa nasikia rai iliyopo ni kuchora mistari na kutoza kila anayepaki. Naogopa mwenye fedha atalipa asubuhi mpaka asubuhi, na uchochoro utabaki umezibwa vilevile, ila kwa risiti. Niombe nini hasa?

Fundi Chokaa

Pole sana dada, na mpe mama salamu. Mimi nakujibu kwa upande wa kuta, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, juu zimelazwa boriti za mikoko. Ukuta ni mnene lakini si mgumu kama watu wanavyodhani. Gari ikirudi nyuma ikakwangua pembe, lipu inabanduka na jiwe linalegea. Mwenye nyumba anaita mtu wa karibu, anaziba kwa saruji siku hiyohiyo, inapendeza. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, chumvi inakula jiwe kwa ndani, na baada ya masika mbili tatu kiraka kinaanguka kikiwa kimeshika jiwe zima. Nimezibomoa pembe za namna hiyo nyingi mno, na karibu zote ni za mdomoni mwa njia, kimo cha bampa.

Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, sehemu yake ilianguka bila kugongwa na gari. Lakini aliyeiona ile tarehe 25 Desemba 2020 hawezi tena kuzizungumzia kuta hizi kama majabali.

Ombeni nguzo fupi za mawe kwenye midomo ya njia. Moja ya katikati iwe ya kung'oka, yenye kufuli, na ufunguo ukae kwa sheha na kwa zimamoto. Mstari wa rangi hauzuii gari usiku.

Dereva wa Shamba

Nami naendesha Alphard ya watalii. Ile haikuwa yangu, lakini dada, ingeweza kuwa, na nimesoma habari ya mama yako mara mbili.

Nieleze tunavyofika hapo. Nimetoka Nungwi na wageni wanne na masanduku sita. Hoteli inanipigia: sogea karibu, wageni hawatembei na mizigo. Nikishawashusha naambiwa nisubiri, watarudi baada ya matembezi yanayochukua saa tatu. Nisubiri wapi? Nikienda mbali hakuna kivuli wala choo, na simu ikilia wanataka nifike dakika tano. Basi unabana popote.

Tupeni uwanja wa kusubiri nje ya mji, wenye choo na mti, na ruhusa ya kuingia dakika 15 kushusha na kutoka. Masanduku yabebwe na vijana wa mikokoteni, wapo na wanazijua njia. Hoteli ilipe mkokoteni. Ukinitoza mimi peke yangu, mwenye hoteli hatabadilika.

Mzalia wa Kiponda

Nakuandikia kutoka Italia, nina miaka mingi huku. Katikati ya Firenze gari haiingii ovyo. Kila lango la mji wa zamani lina kamera inayosoma namba ya gari. Mkaazi namba yake imesajiliwa, mgeni wa hoteli husajiliwa na hoteli aingie kushusha mizigo, na asiyesajiliwa hupelekewa faini nyumbani, hata kama ni nchi nyengine na miezi imepita. Kwenye kupaki pia kuna rangi, kwa kawaida ya Italia: mstari wa buluu unalipa, mweupe mara nyingi ni bure, wa manjano umetengwa kwa watu maalumu, kama walemavu.

Sisemi tuige kamera. Naomba mshike jambo moja tu: huku swali la kwanza ni nani anaruhusiwa kuingia, bei inafuata baadaye. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, kwa hiyo hoja hiyo ina pa kusimamia. Na mkaazi anayepanga nyumba ya wakfu apewe haki sawa na mwenye hati.

Mvita

Kutoka Mombasa: msisahau pikipiki. Lamu imejulikana kwa punda na miguu, na sasa bodaboda zimeingia huko pia. Nguzo za fundi zitazuia gari, pikipiki itapita katikati na kupaki kwenye barza ya bibi.

Binti Sokomuhogo

Ahsanteni sana, nimemsomea mama yote, naye amemwombea dereva dua.

Nimeshajua la kuanzia. Sitabishania bei. Nitaomba midomo ya njia isipakiwe kabisa, hata kwa kulipa na hata na mkaazi, mimi nikiwemo. Nitaomba nguzo za fundi, ufunguo kwa sheha, hoteli zilipe mikokoteni, na madereva wapewe uwanja wa kusubiri. Ya pikipiki nitayasema, ingawa kijana wangu mwenyewe anayo na tutagombana nyumbani kwanza.

Fundi, nina ombi. Kesho baada ya alasiri nitapita na futi ya kamba kuanzia kwetu hadi Mkunazini, nipime kila mdomo na niandike palipokwanguliwa pembe. Ukiwa na nafasi tufuatane, maana mimi pembe iliyozibwa kwa saruji na ya chokaa sizitofautishi.

Fundi Chokaa

Nitakungoja msikitini nikimaliza kuswali. Chukua na chaki.