Daftari la CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) Pemba: tunahesabu watu gani hasa?

Mtambwe_K aliuliza:

Assalaam alaykum. Kamati yetu ya UKIMWI ya wilaya imetakiwa iandike kurasa mbili juu ya watu wanaotumia huduma za VVU za serikali: umri, jinsia, wanakotoka, na nani hawafiki. Tumepewa jumla za robo mwaka tu, bila ya majina. Tumekwama pahala patatu. Walioandikishwa ni wengi mno kuliko walio kwenye dawa. Hao wengine wako wapi? Wanawake wamewapita wanaume kwa mbali. Je, tuandike kuwa wao ndio wanaoambukizwa zaidi? Na zipo shehia ambazo hazina hata mtu mmoja. Kweli hazina?

Daftari_Safi alijibu:

Wa alaykum salaam. Nianze na hilo la kwanza, maana likikosewa yote yaliyobaki yamepinda.

"Walioandikishwa" ni kila mtu aliyewahi kufunguliwa faili tangu kliniki ianze. Wamo waliofariki, waliohama na waliopotea. Hiyo msiitumie kabisa kujibu nani anatumia huduma leo. Mnayoitaka ni "walio kwenye dawa", nayo ina kanuni yake: mtu huhesabiwa mpaka zipite siku 28 baada ya tarehe aliyopangiwa kurudi. Chukueni mteja aliyepewa vidonge 90 tarehe 3 Machi. Tarehe yake ya kurudi ni 1 Juni, na siku 28 zinaishia 29 Juni. Robo ikifungwa 30 Juni naye hajaja, hayumo. Akija 2 Julai akachukua dawa, yumo tena robo inayofuata. Hakufa, hakuhama, pengine alikuwa dago, kambi ya uvuvi ya mbali.

Ndiyo maana hesabu za huku hupanda na kushuka kwa misimu. Mvuvi akenda dago miezi miwili mitatu, au familia ikihamia kambi ya karafuu, tarehe zinapita. Kabla hamjaandika "wateja wamepungua", linganisheni robo hii na robo kama hiyo ya mwaka uliopita, wala si na iliyotangulia. Dawa yenyewe si kikwazo: ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na mteja aliye imara, virusi vyake vimefubaa (vimepungua sana mwilini), anaweza kupewa ya miezi 3 au 6. Ulizeni kliniki ni wangapi wamepewa ya miezi 6. Pakiwa na wavuvi wengi na hesabu hiyo ni ndogo, hapo mna jambo la kuandika.

Jengine ni uhamisho. Anayehama na barua hubaki na namba yake ya mwanzo, ile inayoanza na msimbo wa mkoa, wilaya na kituo. Anayehama kimya kimya hupimwa upya kama mgeni na kupewa namba mpya. Kule anaandikwa mtoro, huku anaandikwa mteja mpya. Mtu mmoja kawa wawili. Dalili yake, ikitokea akapimwa mapema, ni "mteja mpya" ambaye kipimo chake cha kwanza cha wingi wa virusi kinaonesha vimeshafubaa kabla hata hajaanzishiwa dawa.

Kliniki_ya_Mama alijibu:

Hilo la wanawake tafadhalini msiliandike hivyo. Daftari la matibabu linaonesha waliopimwa wakafika. Mwanamke hupimwa anapoanza kliniki ya ujauzito, na hurudiwa mimba ikiwa kubwa. Mwanamme hana mlango kama huo. Wengi hungoja mpaka waugue. Kwa hivyo wanawake hugundulika wengi na mapema, wanaume hugundulika wachache na wamechelewa.

Mkitaka kulinganisha, ombeni hesabu mbili kwa kila jinsia: waliopimwa na waliokutwa na VVU. Gaweni ya pili kwa ya kwanza. Na hata hapo wajawazito watengwe, kwani wao hupimwa bila ya kuwa na dalili yoyote, ilhali mwanamme anayekuja mwenyewe mara nyingi ana sababu. Tazameni pia wenza wangapi wa wanawake hao walialikwa na wangapi walifika. Pengo kubwa la wanaume limejificha hapo.

Kosa jengine ni watoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huandikwa na kupewa dawa ya kinga, lakini hilo halimfanyi kuwa na VVU. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai chini ya miezi 18, kwani kinaonesha kingamwili za mama. Ndiyo akachukuliwa tone la damu kavu akiwa na wiki 4 hadi 6, likapimwe kirusi chenyewe. Mkijumlisha watoto hawa na wagonjwa, mtakuwa mmewazulia maradhi.

Shehia_kwa_Shehia alijibu:

Shehia yenye sufuri haimaanishi haina mtu. Anwani ya daftarini ni ile aliyoitaja mteja, na kisiwa ni kidogo, kila mtu ana jamaa kila hospitali. Mtu wa Micheweni huchukua dawa Chake Chake, wa Wete huvuka bahari akaenda Unguja au Tanga. Anatoa nauli kubwa kununua siri. Kwa hivyo andikeni "wanaohudumiwa katika kituo", msiandike "wanaoishi katika wilaya".

Na nawasihi, hesabu za shehia msizitoe. Ukiandika mwanamke mmoja, umri wa miaka 30 na kitu, shehia fulani, umeshamtaja jina. Hesabu ikiwa chini ya 5 iunganisheni na nyengine, au muishie ngazi ya wilaya.

Kuna kundi ambalo jumla zenu hazitalionesha kabisa. Kwa Zanzibar nzima maambukizi ni chini ya asilimia 1 ya watu, lakini yamekusanyika zaidi kwa wanaojidunga dawa za kulevya, wanaofanya biashara ya ngono, na wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Mtu hatajitambulisha hivyo dirishani. Mwenye kuhamia mjini Unguja kwa ajili ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya hospitali ya Kidongo Chekundu, iliyoanza 2015, kwa kawaida huinywa kila siku mbele ya mhudumu, basi na dawa za VVU hulazimika kuzichukua huko huko. Kwenye hesabu ya Pemba ametoka. Pakiwa na kifua kikuu, hatari ni rifampicin, dawa yake: inashusha methadoni mwilini, mtu anapata alosto (maumivu ya kukosa dawa ya kulevya) na kutoroka tiba zote tatu. Dolutegravir nayo hushushwa, ndiyo akaongezewa kidonge cha miligramu 50 baada ya saa 12. Utoro wa aina hii una sababu ya kitabibu, msiuite ukaidi.

Mtambwe_K:

Ahsanteni sana. Mawili ya mwisho: "waliofubaza virusi" tuisomeje, na nani tuandike kuwa analipia?

Daftari_Safi:

Asilimia ya waliofubaza hutolewa kwa wenye majibu, si kwa wote walio kwenye dawa. Kwa mfano tu: 400 wako kwenye dawa, 300 wana majibu, 285 wamefubaza. Hiyo ni asilimia 95 ya waliopimwa, lakini ni 71 ya wote. Andikeni zote mbili. Anayeanza dawa hupimwa mwezi wa 6, wa 12, kisha kila mwaka, kwa hiyo ulizeni kama hao 100 muda wao haujafika au sampuli zao hazijarudi. Ni kasoro mbili tofauti.

Malipo: wafanyakazi na majengo ni SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), dawa na vifaa vya kupimia hutegemea sana wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia, na kwa miaka mingi PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa serikali ya Marekani. Mteja halipii dawa. Analipia nauli, kwa hiyo kaulizeni nauli ya kwenda na kurudi kutoka shehia za mbali, muiweke kwenye ukurasa wa pili.